Siti binti Saad: Funzo la Mtoto wa Mfinyanzi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Ndugu mwanachuo, wakati wa mazoezi ya kufundisha sisi wakufunzi huketi nyuma ya darasa, daftari la tathmini likiwa magotini. Huandika jinsi ubao ulivyotumika, jinsi maswali yalivyogawanywa, na kama muda wa kipindi ulitosha. Ni mara chache tunapoandika yaliyotendeka ndani ya moyo wa mtoto. Makala haya yametokana na kosa nililolitenda mimi mwenyewe nikiwa na daftari hilo mkononi, katika shule moja ya Unyambwa, Singida.

Lilikuwa darasa la tano, na somo lilihusu kazi mbalimbali za watu katika jamii. Mwalimu mwanafunzi aliwauliza watoto wangependa kufanya kazi gani watakapokuwa watu wazima. Wavulana walitaja udereva, uaskari na udaktari. Wasichana walitaja uuguzi, ushonaji na ualimu. Ndipo akasimama msichana mmoja, ambaye mama yake huuza vyungu mnadani, akasema kwamba yeye atakuwa mpima ardhi. Alikuwa amewaona wapimaji wa viwanja wakipita kando ya shamba la alizeti la kwao, wakichungulia katika chombo chao cha miguu mitatu na kusimika mawe ya mipaka. Darasa zima lilicheka. Mwalimu mwanafunzi aliwanyamazisha watoto kwa upole, kisha akamweleza msichana yule kwamba kazi hiyo ni ya kushinda porini na juani, na kwamba huenda uuguzi ungemfaa zaidi. Mtoto akaketi. Mimi nami nilikuwa nimetabasamu pamoja na waliocheka, na katika daftari langu nikampa mwalimu yule alama nzuri kwa kuwa alituliza darasa.

Jioni, nilipokuwa nikizipitia alama hizo, nilitambua kwamba mtoto yule alikuwa amefundishwa mambo mawili kwa muda wa dakika moja. Kwanza, kwamba kazi zina wenyewe. Pili, kwamba anayetaja kazi isiyo ya wenziwe atachekwa, na mwalimu atakuwa upande wa wachekaji hata kama amewanyamazisha. Mafunzo hayo hayakuwamo katika andalio la somo, lakini bila shaka ndiyo yatakayodumu kuliko yote yaliyoandikwa ubaoni siku ile.

Ndipo nikamkumbuka mtoto mwingine wa wafinyanzi, aliyezaliwa mbali na Unyambwa na zamani sana, naye ni Siti binti Saad wa Unguja. Wengi wenu mmelisikia jina lake kama jina la mwimbaji tu. Naomba mwaka huu mlisikie kama jina la mtu aliyeambiwa kwa njia nyingi kwamba kazi aliyoiweza haikuwa yake, na ambaye aliifanya. Tuyatazame maisha yake, kisha turejee darasani.

Kuzaliwa na malezi

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kilicho kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Saad, baba yake, alikuwa mwenye asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa mwenye asili ya Uzigua. Kwa hiyo sisi wa bara ya kati hatuwezi kumhesabu kuwa mgeni. Asili ya baba yake ilikuwa katika nchi iliyopakana na yetu, nchi ambayo njia kuu ya misafara iliiunganisha na pwani, na kwa njia hiyo watu wengi waliondoka kwao wasirudi tena.

Jina alilopewa mtoto huyo alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Jina hilo lilieleza hali ya nasaba yake katika Unguja ya wakati ule. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, Siti alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Lakini sheria iliyofuta utumwa haikuwa na nguvu ya kufuta majina, wala haikubadilisha upesi fikira za watu. Mtu aliendelea kupimwa kwa ukoo wake, kwa rangi yake, kwa vazi lake na kwa mtaa aliokaa. Kabla ya kuulizwa anaweza nini, aliulizwa kwanza ni mtu wa nani.

Shule haikumsaidia, kwa sababu haikuwapo kwa ajili yake. Shule ya kwanza ya serikali kwa wasichana wa Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, naye wakati huo alikuwa akiukaribia umri wa miaka hamsini. Utoto wake wote ulipita katika kazi za wazazi wake, yaani kilimo kidogo na ufinyanzi.

Vyungu na sauti

Yafaa tusiidharau kazi hiyo, kwa maana ufinyanzi ni elimu. Mfinyanzi hana budi kuujua udongo unaofaa na usiofaa, kuuponda na kuukanda mpaka utoke mawe na mizizi, kuufinyanga kwa mkono, kuukausha kivulini usipasuke, na kuuchoma kwa moto wa kiasi chake. Akikosea hatua moja, kazi ya siku nyingi huishia vigae. Mtoto aliyelelewa katika kazi hiyo amekwisha kujifunza subira na kipimo kabla hajashika kalamu.

Siti alipokua alipewa kazi ya kuvipeleka vyungu mjini. Alivibeba kichwani, akatembea kwa miguu kutoka Fumba, akapita mitaani akivinadi. Mchuuzi wa kutembea hana duka wala kibao cha tangazo. Mali yake hutangazwa kwa kinywa. Siti alivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ilikuwa ya nguvu na tamu, hata watu walimtambua kabla hajatokea kwenye kona ya njia. Wanawake wa majumbani walijua kwamba mwuza vyungu wa Fumba amefika.

Hapa naomba tusimame kidogo. Miaka mingi sauti ile ilipita katika mitaa ya mji uliokuwa na waimbaji, wapiga udi na wapenzi wa muziki wengi. Wote waliisikia. Lakini kwa masikio ya walio wengi ilikuwa ni sauti ya mwuza vyungu, na kazi ya mwuza vyungu ni kuuza vyungu. Walisikia, wakanunua au wakaacha kununua, mambo yakaishia hapo. Hivyo ndivyo fikira ya kuigawa kazi kwa nasaba inavyofanya kazi yake: huyafunga masikio ya watu wema hata kipaji kikapita mbele ya mlango wao.

Mwalimu aliyesikiliza

Mwaka 1911 Siti aliihama Fumba, akaenda kukaa mjini. Hakuwa kijana tena. Alikuwa na umri wa kiasi cha miaka thelathini, umri ambao watu wengi hudhani kwamba mtu amekwisha kuwa atakavyokuwa. Mjini alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905.

Ni lazima tuelewe taarabu ilikuwa nini wakati huo. Ililetwa katika jumba la kifalme kwa hamu ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hata mwaka 1888, ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki huo. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikachezwa kwa udi, fidla na kanuni, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa jumba na wa ukoo mkubwa. Waimbaji wake walikuwa wanaume. Ukitazama kila sharti la sanaa hiyo, utaona kwamba Siti hakuwa nalo hata moja. Hakuwa mwanamume, hakuwa wa ukoo mkubwa, hakuwa Mwarabu, hakuwa na elimu ya shule, wala hakuwa na mali.

Ali Muhsin aliisikia sauti kabla ya kuuliza habari za ukoo. Hilo ni jambo la kwanza la kumshukuru. Lakini jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo ninalotaka kila mwanachuo alichukue kutoka katika makala haya. Ali Muhsin hakuishia kumsifu. Alimfundisha. Alimfundisha jinsi ya kuimba kwa kufuata ala, na jinsi ya kuyatamka maneno ya Kiarabu ya nyimbo za wakati huo. Kisha akamkutanisha na wanamuziki wengine, na hatimaye Siti akawa na wenzake wa kudumu katika kazi, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Mbaruku na Buda.

Lau Ali Muhsin angemwambia tu kwamba ana sauti nzuri na kwamba asikate tamaa, Siti angerudi na sifa hiyo nyumbani, na kesho yake angeendelea kutafuta riziki kama jana. Sifa bila mafunzo haimtoi mtu mahali alipo. Kilichoivunja fikira mbaya juu ya binti wa mfinyanzi ni masomo aliyopewa, mazoezi aliyoyafanya, na nafasi aliyofunguliwa ya kusimama mbele ya watu.

Masikio ya mji

Baada ya muda Siti alianza kualikwa kuimba. Aliimba katika nyumba za matajiri na katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub, na aliimba pia Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, ambako wengi walikuwa wametoka katika nasaba kama yake. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Fikirini umbali uliopo kati ya majina hayo mawili. Mtu alikuwa ni yule yule, na koo ilikuwa ni ile ile.

Siti hakuridhika kuwaimbia watu kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Pamoja na nyimbo za Kiarabu, yeye na wenzake waliimba kwa Kiswahili, wakaifanya taarabu kuwa mali ya mji mzima. Katika nyimbo zao walitaja mambo yaliyotendeka mitaani na mahakamani: waume waliowatesa wake zao, wakubwa waliowaonea wadogo, hukumu zilizoelemea upande mmoja. Mojawapo ya nyimbo hizo, inayojulikana kwa jina la Kijiti, husimulia habari ya mwanamume aliyemwua mwanamke aliyekuja Unguja kutembea, akatoroka kuvuka bahari, hali wanawake waliofuatana na marehemu ndio walioadhibiwa. Kwa wimbo huo watu wasiojua kusoma gazeti walipata nafasi ya kuipima hukumu kwa akili zao wenyewe. Mwanamke aliyekatazwa kuwa mwimbaji alikuwa sasa amekuwa pia mwandishi wa habari wa watu wasio na gazeti.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay, nchini India, ili sauti zao zinaswe katika sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Husemwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuzitoa nyimbo zake kwa njia hiyo. Sahani hizo ziliuzwa kwa maelfu mengi. Zilisikika Unguja na Pemba, zikasikika Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, zikaingia bara hata mahali ambapo msikilizaji hakuwahi kuiona bahari. Kampuni nyingine zilipoona faida hiyo nazo zikaja kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili.

Miaka ya nyuma mwanamke huyo alikuwa akiinadi mali yake kwa kutembea mtaa kwa mtaa. Sasa sauti yake ilikwenda peke yake mahali ambapo miguu yake haikufika. Tena tukumbuke kwamba shule ya wasichana wa Unguja ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu siku aliposafiri. Msichana wa siku zile aliyeketi mbele ya mwalimu kwa mara ya kwanza angeweza kutoka shuleni jioni akaisikia santuri ikiimba kwa sauti ya mwanamke wa nchi yake.

Kejeli na majibu yake

Msidhani, ndugu zangu, kwamba alipofanikiwa watu walinyamaza. Kadiri jina lake lilivyokua ndivyo kejeli zilivyokua. Washindani wake walitunga wimbo wa kumsimanga. Walimkumbusha kwamba alikuja mjini kutoka shamba akiwa amejifunga kaniki, kitambaa cha watu maskini, na kwamba lau si sauti asingekuwa na kitu. Uso wake pia ulisemwa kuwa si mzuri, na yasimuliwa kwamba mara nyingi aliimba akiwa amejifunika.

Siti hakwenda kuzozana mlangoni mwa mtu. Alijibu kwa wimbo, nao ulikuwa na hoja iliyo wazi: kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu cha kujivunia, na kwamba akili na kazi ya mtu ndivyo vinavyompa thamani. Jibu hilo lilishinda kwa sababu mbili. Kwanza, lilikuwa la kweli. Pili, lilitolewa kwa ustadi uleule ambao wapinzani wake walitaka kuukana. Kila aliyeusikia wimbo aliisikia hoja na ushahidi wake kwa pamoja.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kejeli hazikumwumiza. Mtu huumia. Tofauti ni kwamba kejeli zilimkuta Siti akiwa tayari ana kazi mkononi, ana wenzake wa kumwegemeza, na ana miaka ya mazoezi nyuma yake. Zingemkuta siku ya kwanza alipofungua kinywa, huenda tusingemjua. Msichana wa darasa la tano aliyechekwa Unyambwa alichekwa siku ya kwanza.

Mwisho wa maisha yake

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa kwake alionana na Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Tanga, ambaye aliyasikia maisha yake kutoka kinywani mwake na kuyaandika. Kitabu hicho, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitolewa mwaka 1958, na tangu hapo kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Ni jambo la kutafakari kwamba mwandishi huyo, katika nchi yenye masultani na magavana, alichagua kuandika maisha ya mwanamke aliyeuza vyungu.

Sauti yake haikuishia kaburini. Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimjua kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwake, akaendelea kuimba hata uzeeni, akafariki mwaka 2013. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzishwa mwaka 1987, jarida lake lilipewa jina la Sauti ya Siti. Wanawake walioingia katika kazi ya uandishi, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya wanaume, walijitafutia mzazi, wakamwona katika mtu ambaye hakuwahi kwenda shule.

Hadhari kabla ya kurejea darasani

Iko njia mbaya ya kuyafundisha maisha haya, nayo ni kuwaambia watoto kwamba Siti alishinda kwa bidii yake, kwa hiyo asiyeshinda ni mvivu. Si kweli. Katika Unguja ya wakati ule walikuwako mabinti wengine wa wakulima, wachuuzi na wafinyanzi waliokuwa na vipaji, nao hawakukutana na Ali Muhsin. Hatuyajui majina yao, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Bidii ya Siti ilikuwa kubwa, lakini ilihitaji mlango, na mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Mwalimu anayesifu bidii na kuusahau mlango anajiondolea wajibu wake.

Wengine watauliza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi ashughulike na uchaguzi wa kazi, hali jambo hilo ni la sekondari na vyuo vikuu. Jibu lapatikana katika historia ya chuo kikuu chetu. Kilipofungua mlango mwezi wa Oktoba mwaka 1961 mjini Dar es Salaam, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Bibi Julie Manning. Mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Wasichana wengine wa rika lake hawakuzuiwa kwenye lango la chuo kikuu. Walikuwa wamepungua njiani miaka mingi kabla, wakiwa bado na kaptula na gauni za shule za msingi, pale walipoambiwa kwamba hesabu si zao. Mshauri wa chuo kikuu anayejaribu leo kumwondolea mwanafunzi fikira hizo anang'oa mti. Sisi tunaushika ukiwa mche. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi yeyote atawaambia kwamba chungu kilichokwisha kuchomwa hakifinyangwi tena.

Matumizi darasani

Kwa darasa la tano au la sita, maisha ya Siti yanaweza kufundishwa kwa vipindi viwili. Napendekeza hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, kila mtoto aandike kwa siri katika kipande cha karatasi kazi anayoitaka. Mwalimu azikusanye karatasi bila kuzisoma kwa sauti. Siri hiyo yamlinda mtoto asichekwe siku ya kwanza.

Hatua ya pili: Mwalimu asimulie maisha ya Siti mpaka pale anapopita mitaani na vyungu, kisha anyamaze na kuuliza kwa nini watu wengi waliisikia sauti wasifanye lolote. Watoto wajadili kwa makundi madogo, wavulana na wasichana pamoja.

Hatua ya tatu: Mwalimu amalize hadithi, kisha darasa liorodheshe ubaoni vikwazo katika safu moja, na kilichosaidia kuviondoa katika safu ya pili. Ahakikishe kwamba mafunzo ya Ali Muhsin na umoja wa wanamuziki vimo katika safu ya pili, bidii isikae peke yake.

Hatua ya nne: Mwalimu achague kazi moja katika zile karatasi za siri, asitaje mwenyewe ni nani, na awape watoto wote zoezi dogo la kazi hiyo. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo inayosahauliwa. Mtoto anayetaka kuwa fundi apewe kupima na kukata. Anayetaka kuwa mganga wa mifugo apewe kuchunguza kuku au mbuzi mgonjwa na kuandika dalili anazoziona.

Zaidi ya vipindi hivyo, kila mwanachuo ajichunguze mwenyewe. Katika mafumbo yako ya hesabu, je, ni Asha tu anayechota maji na Juma tu anayenunua ng'ombe? Nani hufagia darasa, na nani hugonga kengele? Unapouliza swali gumu, macho yako huenda upande gani? Mtoto mlemavu, mtoto wa maskini au wa kabila lenye watu wachache hapo kijijini hupewa zamu ya kuongoza kundi? Mambo haya hayaonekani katika andalio la somo, lakini mtoto huyasoma kila siku, tena huyasoma vizuri kuliko kitabu.

Neno la mwisho

Wiki iliyofuata nilirudi Unyambwa. Nilimweleza mwalimu mwanafunzi kwamba alama niliyompa haikuwa halali, na kwamba kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake, maana mimi ndiye niliyepaswa kuliona. Tulikubaliana arudie somo. Alisimulia maisha ya Siti, kisha akalitoa darasa nje na kamba ndefu yenye fundo kila baada ya mita moja, wakapime bustani ya shule na kuchora ramani yake.

Msichana yule hakutaja tena upima ardhi. Hata katika karatasi ya siri aliandika uuguzi. Uuguzi ni kazi njema, na kama angeutaka mwenyewe nisingekuwa na neno. Lakini nilijua karatasi ile ilikuwa imeandikwa na darasa zima, na mimi nimo. Walipopima, vipimo vya pande mbili za bustani vilikataa kulingana. Wenzake wakaanza kubishana. Yeye aliinama, akaipitisha kamba mikononi mwake polepole, akaonyesha mahali ambapo fundo moja lilikuwa limefungwa nje ya nafasi yake. Mwalimu akampa kamba yote na daftari la vipimo, akawaambia wengine wamfuate.

Sijui kama mtoto huyo atakuwa mpima ardhi. Ninajua kwamba siku ile alipewa kamba. Katika daftari langu la tathmini nimeongeza safu moja ambayo haikuwamo, ya kuandika ni mtoto gani aliyetaja jambo lisilotarajiwa, na mwalimu alimpa nini baada ya hapo. Ndugu mwanachuo, nitakapoketi nyuma ya darasa lako, tambua kwamba nitaijaza safu hiyo kwanza.